Kortizoni: Dawa Yenye Kipimo Chake na Saa Yake

Hakuna mtaa wa Bukavu ambamo neno "deksa" halijulikani. Ukipita katika soko la Kadutu, ukishuka Ibanda, au ukienda mpaka Bagira, utawakuta watu wanaoitumia dawa hiyo kwa amri ya daktari, na wengine wanaoimeza kwa shauri lao wenyewe ili wanenepe. Jina lake kamili ni deksametazoni. Ndugu yake ni prednizoloni, ambayo hospitali huwapa wagonjwa wa pumu, wa baridi yabisi, wa figo, na wa magonjwa mengine ya kudumu. Zote ni za ukoo mmoja, na mama wa ukoo huo ni kortizoni.

Watu wanaomeza dawa za ukoo huu kwa miezi au kwa miaka hutuletea malalamiko mawili kuliko mengine. La kwanza, msukumo wa damu umepanda, au kama tusemavyo hapa kwetu, wana tansio. La pili, usingizi umewakimbia. Mtu hukaa macho hata jogoo wa kwanza, moyo ukimwenda mbio na mawazo yakimzunguka. Baadhi yao huogopa, wakaitupa dawa yote siku moja. Hao huingia katika hatari inayopita tansio na kukesha pamoja.

Sisi makatekista si waganga, wala hatutaki kushika kazi ya waganga. Lakini twaingia mara nyingi katika nyumba za wagonjwa, na tumeona kwamba mtu akielezwa dawa yake ilikotoka na namna inavyofanya kazi, huitumia kwa akili. Kwa hiyo tunataka kusimulia historia ya kortizoni. Madaktari wa kwanza walioitumia walikutana na matata haya haya ya tansio na usingizi, nao waliyatafutia njia. Njia hizo zatufaa hata leo.

TEZI MBILI JUU YA MAFIGO

Juu ya kila figo la mtu Mungu ameweka tezi ndogo, mfano wa kofia. Zamani hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka 1855 Thomas Addison, mganga wa hospitali ya Guy's mjini London, aliandika kitabu juu ya wagonjwa waliodhoofika pole pole, ngozi yao ikaiva na kuwa nyeusi kuliko desturi, mshipa ukapiga kwa unyonge, na mwisho wakafa. Maiti zao zilipopasuliwa, tezi hizo zilionekana zimeharibika, mara nyingi kwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata mtaalamu Brown-Séquard aliwaondolea wanyama tezi hizo, nao wakafa upesi. Basi ikajulikana kwamba kitu kidogo namna ile ndicho kinachoushikilia uhai.

Baadaye ilifahamika kwamba tezi hizo hutia katika damu vitu vyenye nguvu, ambavyo wataalamu huviita homoni. Mojawapo ni kortizoli. Kazi yake ni nyingi: husaidia sukari isipungue katika damu, huisaidia mishipa kushika msukumo wa damu, na hupooza uvimbe. Tena ina saa yake. Alfajiri, kabla hatujaamka, hupanda, kama mtu apigaye kengele ya kuamsha nyumba nzima. Mchana hushuka kidogo kidogo. Karibu na usiku wa manane huwa haba kabisa, mwili ukapata kulala. Msomaji alishike neno hili, maana ndilo ufunguo wa mambo tutakayoeleza.

MGONJWA WA ROCHESTER

Sasa twende Marekani, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota. Huko Masista wa Mtakatifu Fransisko walifungua hospitali ya St. Mary's mwaka 1889, wakafanya kazi pamoja na madaktari wa ukoo wa Mayo. Katika hospitali hiyo Daktari Philip Hench aliwatibu wagonjwa wa baridi yabisi, ugonjwa unaokaza na kupinda viungo hata mtu asiweze kushika kijiko.

Mwaka 1929 Hench aliona jambo la ajabu. Mgonjwa wake mmoja alipatwa na ugonjwa wa manjano, na papo hapo maumivu ya viungo yakapungua. Baadaye akaona kwamba wanawake wenye baridi yabisi hupata nafuu wakiwa na mimba. Akafikiri: mwilini mwenyewe mna kitu kinachoweza kuupooza ugonjwa huu. Kwa kuwa hakukijua, alikiita kitu X.

Mahali pale pale Edward Kendall, bingwa wa kemia, alikuwa akichuja tezi za ng'ombe zilizoletwa kutoka machinjioni. Alivitenga vitu vilivyomo kimoja kimoja, akaviita kwa herufi. Kimoja aliita E. Huko Uswisi Tadeus Reichstein alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo. Taabu ilikuwa moja: tezi nyingi mno zilitoa unga kidogo mno. Wakati wa vita kuu ya pili ulienea uvumi kwamba marubani wa Kijerumani walipewa dawa ya tezi ili waweze kuruka juu sana. Uvumi huo haukuwa na msingi, lakini ulisukuma utafiti mbele katika Marekani. Mwaka 1944 Lewis Sarett wa kampuni ya Merck alifaulu kutengeneza kitu E kutoka nyongo ya ng'ombe, kwa kazi yenye hatua zaidi ya 30.

Tarehe 21 Septemba 1948 Hench na wenzake walimpiga sindano ya kwanza mwanamke wa miaka 29, ambaye kugeuka tu kitandani kulikuwa mateso kwake. Walimpa miligramu 100 kila siku. Baada ya siku chache alisimama akatembea, na baada ya juma moja alikwenda mjini kuzunguka madukani. Kitu E kikapewa jina la kortizoni. Mwaka 1949 habari zikaenea duniani kote, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa pamoja tuzo ya Nobel. Hench hakuwasahau waliouguza. Katika fedha zake za tuzo alitoa sehemu ili Sista aliyesimamia wodi ya wagonjwa wale apate kwenda Roma kumwona Baba Mtakatifu.

MBEGU NA MKONGE WA AFRIKA

Nyongo ya ng'ombe haikutosha hata kidogo kwa wagonjwa wa dunia nzima. Wataalamu wakaanza kutazama mimea, na hapo ndipo bara letu linapoingia katika habari hii.

Kuna mimea ya kutambaa iitwayo strofanto, ambayo mbegu zake zilitumiwa na wawindaji wa Afrika kwa sumu ya mishale. Daktari John Kirk, aliyesafiri na Livingstone katika nchi za mto Zambezi kati ya 1858 na 1863, aliiweka sumu hiyo pamoja na vitu vyake. Ikagusa mswaki wake, naye alipoutumia akaona mshipa wake unapiga pole kuliko desturi. Kirk huyo ndiye aliyekuwa baadaye balozi wa Uingereza katika Unguja, siku Sultani Barghash alipokubali kufunga soko la watumwa, mwaka 1873. Kutoka mbegu hizo ilipatikana dawa ya moyo. Tena ikagunduliwa kwamba aina moja ya strofanto ina kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa kortizoni. Basi mwaka 1949 serikali ya Marekani ilituma wataalamu katika Afrika kuitafuta. Matunda ya safari hiyo yalikuwa machache, maana mbegu hazikuwa sawa mahali pote. Viazi vikuu vya porini vya Meksiko viliwashinda. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya Upjohn walionyesha kwamba ukungu, kama ule unaoota juu ya mkate, waweza kufanya kwa siku chache kazi iliyowashinda mabingwa kwa miezi.

Lakini Afrika ya Mashariki haikukosa sehemu yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge katika nchi ya Tanganyika. Katika miche iliyotumwa, 62 tu ilifika ikiwa hai. Kutoka hiyo michache yalitokea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, hata Tanganyika ikaongoza dunia kwa mkonge. Jani la mkonge likipita katika mashine, katika kilo 100 zapatikana kilo 4 au 5 tu za nyuzi. Maji na makapi yalikuwa yakitupwa, nayo yalinuka. Mwaka 1951 R. K. Callow na wenzake wa London waliandika kwamba katika makapi hayo mna kitu kiitwacho hekojenini, kinachofaa kwa kutengenezea kortizoni. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza ikakitumia kitu hicho kutoka mkonge wa Afrika ya Mashariki. Hivyo mkata mkonge wa Tanga alisaidia kumwinua kitandani mgonjwa wa nchi ya mbali ambaye hawakujuana kamwe. Sisi wa Kivu hatuwezi kushangaa sana, kwani twaijua miti ya kina, ambayo magome yake hutoa kinini ya malaria.

FURAHA ILIYOCHANGANYIKA NA MASHAKA

Siku zile za kwanza magazeti yaliiita kortizoni dawa ya miujiza. Haukupita muda mrefu, madaktari wakaanza kuona upande wa pili. Uso wa mgonjwa ukawa mviringo kama mwezi, tumbo likanenepa huku mikono na miguu ikikonda, sukari ikazidi katika damu, mifupa ikalegea, vidonda vikachelewa kupona. Na mambo yetu mawili yakaonekana waziwazi: msukumo wa damu ulipanda, na usingizi ukapotea. Wengine walijaa furaha isiyo na sababu, wakasema na kufanya kazi usiku kucha. Wengine walishikwa na huzuni. Wachache akili zao zilichafuka kabisa.

Mambo haya hayakuwa mageni. Mwaka 1932 Daktari Harvey Cushing wa Marekani alikuwa amekwisha kuandika juu ya watu wenye uso wa mviringo, mwili mnene na tansio kubwa, ambao homoni za tezi zao zilizidi kipimo. Kortizoni ilipotiwa kwa wingi ilifanya kwa mkono wa daktari mambo yale yale ambayo ugonjwa wa Cushing hufanya wenyewe.

Tueleze sababu kwa kifupi. Kwa habari ya tansio, dawa hii huyafanya mafigo kuzuia chumvi isitoke. Chumvi huvuta maji, na maji huongeza damu katika mishipa. Tena huifanya mishipa yenyewe kukaza. Bomba lile lile, maji mengi zaidi, na mkono unaolibana: lazima msukumo upande. Kwa habari ya usingizi, kumbuka tulivyosema juu ya kengele ya alfajiri. Mtu akimeza kidonge jioni, ubongo wake waambiwa kwamba kumekucha. Analala kitandani katika giza, lakini ndani ya mwili wake jua limechomoza.

Jambo la tatu lilijulikana kwa msiba. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani waliandika habari za mgonjwa wa baridi yabisi aliyetumia kortizoni kwa miezi. Dawa ikasimamishwa, akafanyiwa upasuaji, msukumo wake wa damu ukaanguka, naye akafa. Tezi zake zilionekana zimenyauka. Sababu ndiyo hii: mwili ukipata homoni kutoka nje kila siku, tezi huona hazina kazi, zikalala. Ukiitupa dawa ghafula, huna ya nje wala huna ya ndani.

Mfano wa hatari hiyo ni John Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kuwa Rais wa Marekani. Mwaka 1947 madaktari wa London walimwona ana ugonjwa wa Addison. Tangu hapo aliishi kwa homoni za dawa. Mwezi wa Oktoba 1954 alipasuliwa mgongo huko New York, akashikwa na ugonjwa mkali, padri akaitwa ampe sakramenti za mwisho. Akapona. Mwaka 1955 gazeti moja la madaktari lilieleza habari za mtu wa miaka 37, bila kumtaja jina, aliyevuka upasuaji ijapokuwa tezi zake hazikufanya kazi, kwa sababu madaktari walimwongezea homoni kwa kipimo. Mtu huyo alikuwa ndiye yeye. Miaka sita baadaye aliingia katika ikulu. Mtu aweza kufanya kazi kubwa huku akitegemea dawa hii, mradi dawa ishikwe kwa utaratibu.

NJIA ZILIZOPATIKANA

Wataalamu hawakukata tamaa. Kwanza walitafuta dawa isiyoshika chumvi sana. Mwaka 1955 kampuni ya Schering ilitoa prednizoni, na nyuma yake prednizoloni. Miligramu 5 za dawa hizi zafanya kazi ya miligramu 25 za kortizoni, nazo huzuia chumvi kidogo zaidi. Mwaka 1958 ikaja deksametazoni, ambayo haishiki chumvi karibu kabisa, na nguvu zake ni kubwa mno: miligramu moja haitimii, yaani robo tatu yake, yatosha kwa kazi ya zile 5 za prednizoloni. Hapa watu wengi hukosea. Waona kidonge cha deksa ni kidogo, wakadhani ni dawa nyepesi. Tena hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo yaweza kuharibu usingizi na kulaza tezi kuliko prednizoloni. Na tansio yaweza kupanda hata kwa deksa, maana mishipa hukazwa vile vile.

Njia ya pili ilikuwa kuifuata saa ya mwili. Madaktari walianza kutoa dawa asubuhi, wakati tezi zenyewe zingetoa homoni zake, wakauacha usiku uwe usiku. Mwaka 1963 madaktari wa Boston walieleza mpango wa kumpa mgonjwa dawa siku moja na kuiacha siku ya pili, ili tezi zisilale moja kwa moja. Mpango huo haufai kwa kila ugonjwa, na daktari ndiye anayeuchagua.

Njia ya tatu ilikuwapo tayari: kupima. Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alibuni kile kitambaa cha kufunga mkononi na kujaza hewa, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa kwa chombo cha masikio. Vitu hivyo viwili vimo leo karibu katika kila kituo cha afya cha mji wetu. Tansio kubwa haina sauti. Mtu aweza kutembea nayo miaka, mpaka siku anapoanguka kwa kiharusi.

MASHAURI KWA MGONJWA WA KWETU

Kutoka historia hiyo twaweza kutoa mashauri machache. Yote yasimamiwe na daktari amjuaye mgonjwa.

Meza dawa asubuhi, baada ya chakula. Ikiwa daktari amekuandikia kumeza mara mbili, muulize kama ile ya pili yaweza kuwa mchana badala ya jioni. Wengi hurudishiwa usingizi kwa badiliko hilo moja.

Pima tansio mara kwa mara, hasa mwanzoni na kila kipimo cha dawa kinapoongezwa. Keti kwanza dakika 5, usiseme, mkono uwe sawa na moyo. Andika hesabu katika daftari pamoja na tarehe. Ikionekana mara kwa mara 14 kwa 9 au zaidi, peleka daftari kwa daktari. Yeye aweza kupunguza dawa au kukuandikia nyingine ya tansio. Asiyepima hana la kumwonyesha.

Punguza chumvi. Shirika la afya la dunia lashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yapata kijiko kidogo kimoja. Katika vyakula vyetu chumvi imejificha ndani ya makayabo, ndani ya samaki waliokaushwa kwa chumvi, na ndani ya vidonge vya kukoleza mchuzi. Sambaza wabichi wa ziwa letu, maharagwe, sombe isiyo na chumvi nyingi, ndizi na parachichi ni vyema, lakini mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza juu ya matunda. Usitafute dawa za maumivu madukani, kama ibuprofeni na diklofenaki. Hizo hupandisha tansio, na zikikutana na prednizoloni huchimba vidonda tumboni.

Kwa habari ya usingizi, acha kahawa na chai nzito tangu saa sita za mchana. Tembea mchana katika mwanga. Lala saa ile ile kila usiku. Kasiksi na bia havileti usingizi wa kweli: humwangusha mtu mapema, vikamwamsha saa nane za usiku, na tansio juu yake. Vidonge vya usingizi visichukuliwe bila daktari. Na watu wa nyumbani wakimwona mgonjwa amekuwa mkali, au anasema usiku kucha, au anaona mambo yasiyokuwapo, wasikimbilie kusema amerogwa. Wahesabu siku tangu dawa ilipoanzishwa au kuongezwa, kisha wampeleke hospitali upesi.

Usiiache dawa ghafula. Aliyeimeza zaidi ya majuma matatu hivi lazima ashuke ngazi kwa ngazi, kama daktari atakavyompangia. Mwenda pole hajikwai. Udhaifu mkubwa, kutapika, maumivu ya tumbo na kizunguzungu baada ya kuacha dawa ni dalili za hatari. Vile vile anayetapika vidonge vyake asingoje kesho. Chukua karatasi yenye jina la dawa na kipimo chake, umwonyeshe kila mganga, hasa kabla ya upasuaji.

Wala usingoje kidonge cha mwisho ndipo ununue vingine. Mwezi wa Februari 2025 vita vilipoingia katika mji wetu, maduka yalifungwa na bohari zikaporwa. Kwa mtu mzima siku tatu bila duka ni shida. Kwa mtu ambaye tezi zake zimelala, siku tatu bila dawa zaweza kuwa mwisho.

MFUNGO, KOMUNYO NA MAOMBI

Wagonjwa wengine hutuuliza: nikila asubuhi ili nimeze dawa, je, naweza kupokea Komunyo katika Misa ya kwanza? Wazee wakumbuka sheria ya zamani, ya kufunga tangu usiku wa manane. Sheria hiyo imelegezwa mara kadhaa. Mwaka 1953 Baba Mtakatifu Pius XII aliamua kwamba maji hayavunji mfungo, akawafungulia njia wagonjwa kutumia dawa. Mwaka 1957 aliuweka mfungo wa chakula kuwa wa saa tatu, na mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI akaufanya wa saa moja. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 919, yasema kwamba wazee, wagonjwa na wanaowauguza waweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Katika Kwaresima pia mgonjwa hafungwi na mfungo unaomdhuru. Basi mama wa prednizoloni ale uji wake, ameze kidonge, aje kanisani bila wasiwasi.

Lipo jambo lingine la kusikitisha. Baadhi ya wagonjwa huambiwa katika vyumba vya maombi kwamba wamekwisha kupona, waonyeshe imani yao kwa kutupa dawa. Kwa dawa nyingi hilo ni kosa. Kwa dawa hii laweza kuwa kifo cha siku chache. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, atufundisha kumheshimu tabibu, na kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa mapenzi ya Mungu. Twasali na kumeza, na Mungu mmoja hutusikia.

WANAOMEZA BILA UGONJWA

Mwisho twasema na mabinti na vijana wanaomeza deksa ili wanenepe, na wanaojipaka mafuta ya mkorogo yenye dawa za ukoo huu ili wawe weupe. Mashavu yale yanayosifiwa arusini ndiyo yale Cushing aliyoyaandika mwaka 1932 kuwa dalili ya ugonjwa. Unono huo una maji, mafuta, tansio na sukari ndani yake. Hata mafuta ya kupaka hupenya ngozi, na yakitumiwa miaka mingi yaweza kuzilaza tezi.

Ni kweli kwamba deksa imeokoa watu wengi. Mwezi wa Juni 2020 wataalamu wa Oxford walionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizopita 10, ziliwapunguzia vifo wagonjwa wa Kovidi waliohitaji oksijeni. Lakini walipima, wakaweka mwisho. Anayeinunua dukani ili anenepe hana kipimo, na mwisho hakuujua alipoanza.

Na aliyekwisha kuimeza kwa miezi bila daktari asione aibu, wala asiitupe leo kwa kuogopa maneno haya. Aendelee na kipimo kile kile, aende hospitali mapema, aseme ukweli wote: jina la dawa, vidonge vingapi, tangu lini. Daktari atampangia ngazi za kushukia.